Mliofundishwa kompyuta kwa ua la iris bila kuliona: nimelikuta, na kulitofautisha si kama darasani

#1 Mnyalukolo_Baridini, 23 Juni

Wakuu salaam.

Najua humu kuna watu mmesoma takwimu au sayansi ya data. Basi lile jedwali la mistari 150 mnalijua: aina tatu za iris, setosa 50, versicolor 50, virginica 50, halafu safu nne za vipimo, urefu na upana wa sepali na wa petali. Mimi nilikutana nalo chuo mwaka wa pili. Nikaandika programu ya kubashiri aina kwa vipimo hivyo, ikapatia karibu maua yote, mwalimu akanipa maksi zangu nikaenda kula chipsi. Siku ile ungeniwekea iris yenyewe mezani ningekuuliza fungu shilingi ngapi.

Sasa naishi Québec, Kanada, upande wa Rimouski. Hapa mto St. Lawrence umepanuka mpaka maji yake ni ya chumvi na wenyeji wanauita bahari. Jumamosi nilikuwa natembea na mwanangu kando ya malisho yenye maji maji, buti zinazama, ndipo tukayaona. Zambarau, marefu kama mpaka pajani, yamesimama katikati ya majani yenye umbo la sime.

Niwaelezeeni lilivyo, maana picha zangu zimetoka na ukungu. Ua lina vipande vitatu vipana vinavyolala nje na kuning'inia. Hivyo nitaviita *ndimi*. Kuna vingine vitatu vyembamba vimesimama wima, hayo ni *masikio*. Halafu juu ya kila ulimi, pale unapoingia kooni, kuna kipaa kidogo cha zambarau kimeufunika. Nyuki anatua kwenye ulimi, anafuata mishipa iliyochorwa kama barabara, anajipenyeza chini ya kile kipaa. Poda ya ua iko juu yake, inampaka mgongoni. Ua moja, milango mitatu. Mwanangu alihesabu nyuki mmoja akiingia yote mitatu bila kuruka hata mmoja.

Kilichonichekesha: niliporudi nyumbani nikasoma, kumbe ile safu ya "sepali" kwenye jedwali ndiyo hizi ndimi! Miaka yote nilidhani sepali ni vile vijani vinavyoshika ua kwa chini, kama kwenye bamia. Kwenye iris sepali ndiyo nguo ya sikukuu yenyewe, na "petali" ndiyo masikio.

Halafu kuna jambo la pili. Aliyepima yale maua anaitwa Edgar Anderson, mtaalamu wa mimea wa Marekani. Setosa na versicolor za kwenye jedwali alizipima kwenye rasi ya Gaspé, ambayo kwangu ni kupanda gari na kufuata mto tu. Zilikuwa zinaota pamoja mahali pamoja. Virginica hazikutoka hapo. Mwaka 1936 R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, akazichukua namba zake akazichapisha, na dunia nzima ikasahau kwamba lilikuwa shamba lenye matope.

Swali langu: nilichokiona ni kipi kati ya vitatu? Nina jibu langu, lakini nataka kusikia mnavyofikiri kwanza.

---

#2 Kambi_Popote, 23 Juni

Uzi wa maua tena? Haya, nimeweka kiti changu hapa, leteni chai.

---

#3 Ngosha_wa_Namba, 23 Juni

Mkuu umenikumbusha mbali. Tupe vipimo tukupe jibu. Masikio (petali) ndiyo yenye siri. Setosa urefu wa petali wastani ni sm 1.46. Versicolor 4.26. Virginica 5.55. Setosa ndefu kuliko zote kwenye jedwali ina 1.9 na versicolor fupi kuliko zote ina 3.0, kwa hiyo hapo katikati unapitisha hata treni. Kazi ipo kwa versicolor na virginica: ya kwanza inafika mpaka 5.1, ya pili inaanzia 4.5. Hapo ndipo kila programu inapokosea.

Na kwa vijana mnaotumia ile nakala ya hazina ya data ya UCI (Chuo Kikuu cha California, Irvine): ina makosa kwenye mstari wa 35 na wa 38, zote setosa, ukilinganisha na namba alizochapisha Fisher. Makosa madogo, lakini ukibishana na mtu kuhusu desimali ujue mnatumia nakala tofauti.

---

#4 Mnyalukolo_Baridini, 24 Juni

Ngosha, nilirudi leo na rula ya shule ya mwanangu. Masikio ya maua matano: 3.9, 4.2, 4.4, 4.0, 4.6. Ile ya mwisho kwa jedwali lako inaweza kuwa upande wowote. Na yote matano yametoka kwenye kichaka kimoja, pengine ni mmea mmoja uliotambaa kwa shina lake la chini. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kwenye uzi huu: zile namba nne ni nzuri kwa darasa, lakini ukiwa na ua mkononi, alama bora zote hazimo kwenye jedwali.

Ukitaka kulijua, usianze na rangi. Versicolor na virginica zote ni zambarau, kuna za mpauko, kuna za bluu, hata nyeupe hutokea. Anza kooni. Inua kile kipaa taratibu utazame doa lililo mwanzo wa ulimi. Versicolor doa lake ni kijani-njano, limezungukwa na weupe uliochorwa mishipa myeusi-zambarau, na ukilipapasa halina manyoya. Kwa lenzi utaona vipele vidogo sana, basi. Virginica ina doa la njano kali, njano ya bizari, na lina vinyweleo vifupi kama velveti.

Langu lilikuwa kijani-njano na kipara. Kwa hiyo versicolor. Nilivyojua nilijisikia kama nimefaulu tena ule mtihani, safari hii kwa haki.

Na majani: yavute kwa chini kabisa, pale yanapobanana ubavu kwa ubavu kama upepeo. Versicolor mara nyingi ina zambarau pale mwanzoni mwa jani, kama mtu amelichovya kwenye wino. Hii inasaidia hata ua likiwa limekwisha.

---

#5 Mzaramo_Michigan, 25 Juni

Wakuu mimi niko kusini mwa Michigan. Nyuma ya ghala ninalofanyia kazi kuna mtaro wa maji ya mvua umejaa haya maua tangu mwisho wa Mei. Programu ya simu inaniambia versicolor. Nilikuwa nimeshaikubali mpaka nimekutana na uzi huu. Picha hizo tatu hapo. Majani yamepita ua kwa juu, yamepinda kidogo. Nifanyeje?

---

#6 Mnyalukolo_Baridini, 25 Juni

Kaka, picha zako umepiga kwa juu zote, koo halionekani. Hili kosa tunalifanya wote, ua zuri unataka kulipiga usoni. Rudi kesho, tia kidole kwenye doa la njano uniambie. Na ukipata ua lililobaki moja, lipime sikio dhidi ya ulimi wake wenyewe. Kwa versicolor sikio ni fupi waziwazi kuliko ulimi. Kwa virginica linakaribia kulingana nao.

Majani kupita maua kunanitia shaka tayari. Versicolor mara nyingi ua linalingana na majani au linayazidi. Na kusini mwa Michigan virginica ndiyo ya kawaida, versicolor zaidi ni ya kaskazini ya jimbo hilo, katikati zinapishana. Simu haijui umesimama wapi ukiwa umeizimia mahali.

---

#7 Mzaramo_Michigan, 26 Juni

Dada (nimeona umeandika mwanangu, nisamehe kama ni kaka), kuna manyoya. Niliingiza kidole cha shahada, nikahisi kabisa, kama shavu la kifaranga. Njano yake imenibaki kwenye kucha.

Na kuna kingine. Mashina ambayo maua yamekwisha yameanza kulala. Hayajakatika, yanainama tu mpaka matunda yake yanakaribia maji. Nilidhani kuna mtu kayakanyaga.

---

#8 Mnyalukolo_Baridini, 26 Juni

Ni dada, umepatia.

Hiyo ni virginica, tena ile aina ya Maziwa Makuu ya Amerika na bonde la Mississippi wanayoiita *shrevei*. Kulala huko kwa shina ni tabia yake. Versicolor shina lake linabaki wima, hata theluji ikija.

Ngosha unaona? Hakuna safu ya "manyoya" wala ya "shina limelala" kwenye jedwali lako.

---

#9 Ngosha_wa_Namba, 26 Juni

Naona, lakini tusimwonee Fisher. Hakuwa anatengeneza kitabu cha kutambulia maua. Swali lake lilikuwa jingine. Anderson alishaona kwamba versicolor inaelekea kuwa chotara wa zamani wa virginica na setosa. Hesabu za kromosomu: setosa 38, virginica 70, versicolor 108. Jumlisheni wenyewe.

Sasa kama versicolor imebeba urithi wote wa virginica na wote wa setosa, na fungu la virginica ni karibu mara mbili ya lile la setosa, basi vipimo vyake vikae katikati ya wazazi, vikiegemea kwa virginica. Hicho ndicho Fisher alichokuwa anakipima kwa zile safu nne. Kwa swali hilo namba zinatosha. Utafiti wa DNA wa karne hii nao umeunga mkono wazazi wale wale.

Jarida lenyewe alilochapisha ndilo lenye harufu mbaya, lilikuwa la wale waliotaka binadamu wazalishwe kwa kuchaguliwa kama ng'ombe. Ndiyo maana siku hizi walimu wengine wamehamia kwenye jedwali la pengwini. Lakini maua hayakukosa kitu.

---

#10 Kambi_Popote, 26 Juni

38 + 70 = 108. Nimehakikisha kwa kikokotoo. Kwa hiyo versicolor ni mtoto anayeishi nyumba moja na mzazi mmoja huko Gaspé, na mzazi wa pili yuko Michigan kwenye mtaro. Familia za kwetu kabisa.

---

#11 Wambo_254, 28 Juni

Habari zenu kutoka Nairobi. Nimesoma nikaenda kwa parking ya ofisi nikapiga hii picha. Majani ni marefu membamba kama upanga, maua ni ya rangi ya maziwa yenye njano, na yana madoa ya kahawia iliyokolea. Askari wa lango anasema ni iris. Ni kweli ama?

---

#12 Mnyalukolo_Baridini, 28 Juni

Dada Wambo, askari hakukosa sana, ni ukoo. Hiyo ni *Dietes bicolor*, asili yake Afrika Kusini, inapandwa mijini kwa sababu haisumbui. Iris zenyewe ni za nusu ya kaskazini ya dunia, kwetu haziko porini. Lakini ukoo wao tunao wa kutosha.

Ndugu wa hiyo ya ofisini, *Dietes iridioides*, ni wa kwetu kweli, anaota kwenye kivuli cha misitu ya milimani kuanzia huko Kenya mpaka Afrika Kusini. Ni mweupe, ana njano kwenye vipande vya nje, na vile vipaa vya kooni ni vya zambarau. Ukimwona asubuhi usiahirishe kupiga picha, jioni ameshanyauka. Kumtofautisha na iris: vuta kipande cha nje polepole. Kwa iris vipande vyote sita vimeungana chini vikawa mrija. Kwa Dietes kila kimoja kimejitegemea mpaka chini.

---

#13 Mkinga_wa_Makete, 29 Juni

Mmetaja ukoo nikashindwa kunyamaza. Kitulo kwetu, wanayoiita Bustani ya Mungu, ikifika Desemba mpaka Machi kuna maua ya umbo hilo hilo, ndimi tatu zenye doa la njano na vipaa juu. Wageni wanashuka kwenye gari wanapiga kelele "iris, iris". Mzee mmoja aliyekuwa ananiongoza alichimba moja kunionyesha: chini kuna kiazi kidogo cha mviringo kimevaa nyuzi kama kitunguu kilichovishwa kamba. Hakuna shina linalotambaa.

Na jani lake si la upepeo. Limekunjika kama mfereji, unaweza kumwagia maji yakatiririka mpaka chini.

---

#14 Mnyalukolo_Baridini, 29 Juni

Mzee wako ni mwalimu. Hiyo ni *Moraea*. Kiazi na jani la mfereji vinamaliza kesi. Iris zetu za majini huku zina shina nene linalotambaa chini ya tope kama tangawizi, na majani ya upepeo. Lakini tafadhali asichimbe tena, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na wale wanaochimba viazi vya okidi vya kutengeneza chikanda wameshachimba vya kutosha.

---

#15 Mama_Bukavu, 3 Julai

Jambo bandugu. Mimi niko Montréal, natokea Bukavu. Nina maswali mawili.

La kwanza, hapa wanasema iris versicolor ni ua la Québec. Mbona kwenye bendera ni lile ua jeupe lingine?

La pili ni la shida. Mama mmoja wa kanisa yetu alichimba mizizi kando ya ziwa, akasema inafanana na tangawizi, anataka kuchemsha kwa ajili ya tumbo. Nikamwambia angoja kwanza niulize. Majani ni kama sime, hakuna ua.

---

#16 Mnyalukolo_Baridini, 3 Julai

Mama, la pili kwanza. Asichemshe. Mizizi ya iris ina sumu, inatapisha na kuharisha vibaya, na utomvu wake unawasha ngozi. Aoshe mikono na kisu alichotumia. Kama kuna mtu ameshakunywa, pigieni simu kituo cha sumu, msingoje dalili.

Ugumu ni kwamba pale kando ya maji kuna mimea mitatu yenye majani ya sime, na watu wanaichanganya. Kuna ile yenye kichwa cha kahawia kama mshikaki kwenye kijiti: jani lake ukilikata chini ni la mviringo kidogo, limejaa vyumba vya hewa kama sifongo. Kuna *Acorus*: ukivunja jani linanukia, harufu tamu ya viungo, na uti wake umekaa upande mmoja, si katikati. Na kuna iris: limebapa, limebanana kama upepeo, halinukii kitu zaidi ya nyasi. Lakini hata ukijua yote haya, usile kitu ulichokitambua kwa uzi wa mtandaoni, wangu ukiwemo.

La bendera: lile ua la bendera ni la wafalme wa Ufaransa. Québec ilikuwa imechagua yungiyungi jeupe kuwa ua lake mwaka 1963, watu wakalalamika kwamba halioti lenyewe kwenye ardhi hii. Mwaka 1999 wakaweka versicolor. Bendera ikabaki ilivyo. Na kuna wanaosema lile la bendera tangu mwanzo lilikuwa iris iliyochorwa vibaya. Mkitazama ndimi mbili zilizoinama pembeni, mimi naona wana hoja.

---

#17 Mama_Bukavu, 4 Julai

Asante sana. Amemwaga yote, amekasirika kidogo lakini amemwaga.

---

#18 Mnyalukolo_Baridini, 4 Julai

Mwambie hata mimi nimeshadanganywa na majani ya sime. Mwaka juzi nilinunua vichaka vinne kwenye bustani moja ya kuuza miche, kibao kimeandikwa versicolor, mmea wa asili, rafiki wa nyuki. Nikapanda kwenye shimo la maji nyuma ya nyumba ya jirani yangu mzee, kama zawadi. Mwaka huu umechanua: njano tupu. Ni *Iris pseudacorus*, iliyotoka Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya Magharibi. Huku ni mvamizi. Mbegu zake zinaelea, kipande cha shina kikikatika kinaota kilikotua, na inajaza ukingo mpaka mimea mingine inakosa pa kukaa. Jirani aliifurahia sana. Mimi nilikaa wiki nzima nikitafuta maneno ya kumwambia mzee wa miaka themanini kwamba zawadi yangu inabidi ing'olewe.

Tuliing'oa pamoja. Alishika ndoo, mimi koleo. Shina la chini lilikuwa nene kama mkono wa mtoto na lilitoka na tope la kilo kadhaa. Hatukulitupa kwenye mboji wala mtoni. Tumelifunga kwenye mfuko mweusi, linakaukia juani.

Ningelijuaje kabla ya ua? Pitisha kidole katikati ya jani: hii ya njano ina uti ulionyanyuka, unausikia kama mshono wa jinzi. Versicolor mishipa yake inakaribiana ukubwa. Lakini hiyo ni ya kukutia shaka tu, haimalizi kesi. Mkinunua, nunueni likiwa limechanua, au kwa mtu anayekuambia mbegu alizitoa mto gani.

---

#19 Ngosha_wa_Namba, 5 Julai

Na setosa je? Uko jirani na Gaspé yenyewe na umetuletea wengine wote.

---

#20 Mnyalukolo_Baridini, 9 Julai

Nilikuwa naisubiri hiyo, na Jumapili tulishuka ufukweni.

Inakaa pale ambapo versicolor isingethubutu: juu kidogo ya mstari wa mwani, kwenye kokoto na nyasi fupi, upepo wa chumvi unaipiga usoni. Fupi, haifiki gotini. Ukiitazama kwa mbali unafikiri kuna mtu amechuma masikio. Ndimi tatu pana za zambarau zimelala, na juu hakuna kitu, dari imeondolewa. Inabidi upige goti. Ndipo unayaona: masikio yapo, lakini yamebaki kama unywele mgumu, kajani kenye ncha. Nilipima moja, urefu sm 1.4, na upana sikuweza kuusoma kwa rula ya shule. *Setosa* maana yake yenye unywele mgumu. Ngosha, zile 0.2 za upana wa petali ulizozikariri, ndizo hizi. Nilidhani ni kosa la uchapaji miaka yote.

Mwanangu alisema "hili halina masikio, halisikii bahari."

---

#21 Bingwa_wa_Kilatini, 10 Julai

Naomba kurekebisha. Ya ufukwe wa Kanada mashariki siku hizi wataalamu wengi wanaiita *Iris hookeri*. Setosa halisi ni ya Alaska na Asia ya kaskazini-mashariki. Kwa hiyo jedwali zima lina jina lisilo sahihi na uzi huu unaendeleza kosa.

---

#22 Mnyalukolo_Baridini, 10 Julai

Bingwa, nakubali nusu. Kuna wanaoitenga kama spishi, kuna wanaoiacha ndani ya setosa kama aina yake ya mashariki. Anderson mwenyewe alijua kwamba ya hapa na ya Alaska hazifanani. Mzazi wa versicolor alimtafuta Alaska, hakumtafuta hapa ufukweni. Mimi nikiandika kwa wataalamu nitaandika hookeri. Kwa watu waliolijua ua hili kupitia `load_iris`, ile amri ya kompyuta inayolileta jedwali, nikisema hookeri hakuna atakayenifuata. Jina moja likufikishe ufukweni, ukifika ulibadilishe.

---

#23 Bingwa_wa_Kilatini, 10 Julai

Hilo la Alaska sikulijua. Sawa.

---

#24 Kambi_Popote, 11 Julai

Uzi wa kwanza mwaka huu Bingwa kuandika "sawa". Modi aubandike juu.

---

#25 Mzaramo_Michigan, 2 Oktoba

Nafufua uzi. Dada, nilikuwa nafuatilia mtaro wangu tangu Juni. Matunda yalinenepa kama bamia fupi ya pembe tatu, yakalala kwenye maji, na sasa yameoza yote, ganda limelegea kama karatasi iliyolowa. Mbegu nilizookota ni kubwa, zimefifia, nyepesi kama kizibo cha chupa, na uso wake una vishimo visivyo na mpangilio. Nimezitia kwenye glasi ya maji, zinaelea. Za kwako?

---

#26 Mnyalukolo_Baridini, 5 Oktoba

Nimeenda leo na koti. Mashina yote wima, matunda yamekauka yakawa magumu kama mbao, yamepasuka kwa juu sehemu tatu. Ukilitikisa linalia kama kayamba. Mbegu zimepangwa ndani kama sarafu kwenye mfuko, umbo la nusu mwezi, kahawia iliyokolea, zinang'aa, na vishimo vyake ni vidogo vimejipanga mistari. Ukiziweka zako na zangu kwenye sahani moja hata Kambi_Popote angezitenga gizani kwa kupapasa.

Nimechukua kumi, mengine nimeyaacha. Ziko kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu, kwenye kopo la siagi, maana bila miezi kadhaa ya baridi hazioti. Nimeandika juu ya kopo kwa wino mwekundu "SI CHAKULA". Mume wangu ameshalifungua mara mbili.

---

#27 Kambi_Popote, 5 Oktoba

Za kupapasa gizani nitumie tano kwa posta.

---

#28 Mnyalukolo_Baridini, 5 Oktoba

Situmi mbegu nje ya nchi, na wewe uko Kigamboni, baridi ya friji yako ni ya soda. Kaitafute Dietes.